Diski ya Pili ya Papa Anaclet

Mwezi wa tatu mwaka 2000, siku ya Jumanne, askari walimchukua Papa Anaclet, fundi wa nguo wa Lubunga, ng'ambo ya mto, akiwa kwenye cherehani yake, na hakurudi tena. Nyumba yake waliipata kwa jina na namba nilizoziandika mimi, kwa mwandiko ule ambao watu walikuwa wakiusifu, kwenye karatasi ya maoni ya filimu.

Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie miaka yangu. Mlitaka vichekesho vya wateja, ninajua. Vipo, nitavitia. Lakini sikuweza kuanza navyo, kwa sababu kila mnaponiambia, "Mama Vero, zamani kazi ilikuwa tamu," ninakasirika, na nimechoka kukasirika huku ninatabasamu.

Habari za vyeo ninaziacha. Nilianza mezani na nimemalizia meza ile ile.

Niliingia kazini miaka ya kaseti. Shule nilikuwa nimeiachia mwaka wa tatu wa sekondari, baba alipofariki. Mwenye nyumba ya filimu, duka letu la kukodisha, alikuwa Papa Saidi, mtu wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja mjini na misafara ya biashara. Yeye mwenyewe alikuwa amezungusha mashine ya sinema hadi sinema ilipofungwa. Siku ya kwanza hakuniuliza diploma. Alinipa kalamu.

"Andika: filimu hii inachosha."

Niliandika. Akaishika karatasi mbali na uso, kama mtu anayetazama chumvi kama ni safi.

"Bon. Hata mutu wa macho mabovu atasoma. Anza kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila filimu ilikuwa na karatasi ngumu ndani ya ganda lake. Tuliiita fishi. Ukirudisha filimu, hukuondoka mpaka umesema neno lako juu yake. Kama hukujua kuandika, nilikuandikia mimi, kama ulivyosema, bila kunyoosha. Chini niliweka jina lako, mtaa na namba ya nyumba. Mteja anayefuata alisoma fishi kabla ya kuchagua, na kama alichukua filimu kwa kuamini neno lako kisha akaona umemdanganya, alijua mlango wa kubisha. Watu walibisha kweli. Kuna urafiki uliozaliwa hivyo, na kuna kesi moja iliyofika kwa chef, mkuu wa mtaa, kwa sababu mtu alikuwa amefichua mwuaji ni nani.

"Neno bila jina iko kelele ya soko," alisema Papa Saidi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: fishi haitoki. Ukishasema, umesema.

Wateja walijifunza kuangalia filimu kwa macho ya kazi zao, na mimi nilijifunza kusikiliza. Mfanyabiashara mmoja Mnande, mtu wa kabila la mashariki, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, aliniambia: "Filimu ni nzuri, lakini duka la yule mutu haliko na kufuli. Siamini." Mtafiti wa misitu wa Yangambi, aliyekuwa akipanda mto kwa mtumbwi wa mota mara moja kwa mwezi, alisema mti uliokatwa mwanzoni umesimama tena mwishoni, na ni mti wa bara lingine. Muuza pondu, majani ya muhogo, wa soko kuu alisema juu ya mfululizo wa mapenzi uliowatoa wengine machozi: "Huyu mwanamuke analia tangu asubuhi. Sahani ataosha nani?"

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya mume aliyekuja na hasira kwa sababu mke wake alikuwa ameandikisha hivi: "Mume wa filimu hii anafanana na wangu. Nimezima." Alitaka fishi itolewe. Papa Saidi hakuinua hata kichwa.

"Papa, fishi haitoki. Leta neno lako, tutaliweka chini ya lake."

Yule bwana alifikiri, akavuta kiti, akaniandikisha: "Mke wa filimu hii anafanana na wangu pia. Mimi niliangalia mpaka mwisho." Watu waliikodi ile kaseti mpaka utepe wake ukakatika.

Nimewapa vichekesho. Sasa vita.

Vita vilipofunga mto, meli za Kinshasa zikaacha kupanda, na kila kitu kikaja kwa ndege kutoka mashariki: sabuni, chumvi, askari, na filimu za diski. Diski tulizijifunza wenyewe. Unaifuta kwa pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka. Mkwaruzo mdogo unausugua kwa dawa ya meno nyeupe; ile ya rangi inaharibu. Kisha unaiinua kwenye jua la mlangoni, na ukiona nuru imepenya kama tundu la sindano, usipoteze dawa ya meno. Filimu moja ilikuwa kwenye diski mbili, na Papa Saidi akaweka sheria ya tatu: mtu anapewa diski ya kwanza, akiirudisha na kusema neno lake, ndipo anapewa ya pili.

Nilimuuliza kwa nini.

"Watu wanakimbia kila juma," alisema. "Mutu akikimbia na filimu nzima, amekwenda. Akikimbia na nusu, atarudi kutafuta nusu ingine."

Nilicheka. Ilikuwa akili ya kweli, na ilifanya kazi. Kumbukeni sheria hizo tatu. Kila moja ilikuwa nzuri. Ninakasirika zaidi kwa sababu kila moja ilikuwa nzuri.

Papa Anaclet alivuka mto kutoka Lubunga kila Jumamosi, diski ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kofia, kofia kichwani. "Pirogi ikizama," alisema, "mimi naweza kuogelea, filimu haijui." Lubunga umeme haukuwapo, jirani yake alikuwa na jenereta ndogo, na watu thelathini waliangalia pamoja uani kwake. Papa Anaclet aliongea kwa niaba yao wote, lakini aliongea kama fundi wa nguo. Aliwahi kusema: "Koti la mwuaji limeshonwa vizuri kuliko filimu." Na tena: "Jenerali mzima, vifungo vyake viko upande wa wanawake. Vita hii atapoteza." Wateja wakiingia hawakuuliza ni filimu gani zimefika. Waliuliza, "Papa Anaclet alisema nini?" Filimu aliyoikataa ilikaa rafuni ikipata vumbi, na ile aliyoisifu ilikuwa na watu wanaoingojea.

Nilimheshimu. Nitasema yote: Jumamosi nilivaa kitambaa changu kizuri. Hakuna zaidi ya hapo, alikuwa na mke wake, Mama Georgine, na hakuna neno lililopita mpaka. Lakini watu wanaosema ukweli na kukuchekesha kwa pumzi moja si wengi mjini.

Jumamosi ile alirudisha diski ya kwanza ya filimu ya vita. Kwenye filimu hiyo makamanda wawili, marafiki, wanakuja kuusaidia mji wa watu wengine, kisha wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe sokoni. Mnajua mji wetu ulikuwa na majeshi mawili ya kigeni wakati ule, na mwaka uliotangulia yalikuwa yameshapigana mara moja juu ya vichwa vyetu. Papa Anaclet alikaa, akavua kofia, akaniambia:

"Andika, Mama Vero. Wageni wawili wanapigania nyumba ambayo haiko yao, na mwenye nyumba iko chini ya kitanda. Filimu hii haina haja ya kukodi. Mimi naiona bure dirishani."

Kalamu ilisimama. "Papa, hii niandike?"

"Unaogopa nini? Nimesema filimu."

"Jina je?"

"Weka jina. Weka namba. Neno bila jina iko nini?"

"Kelele ya soko," nilisema.

"Voilà. Na unipatie diski ya pili, watu thelathini wananingojea, nikirudi mikono mitupu wataniangalia mimi."

Nilimpa. Akaitia mfukoni, mfuko kofiani, akashuka kwenda mtoni.

Jumatatu asubuhi nilimwonyesha Papa Saidi fishi ile. Aliisoma, akacheka kwa sauti, kisha akaacha kucheka. Nikamwambia, "Tuitoe." Aliisoma mara ya pili. Nilidhani atakubali.

"Tukitoa moja kwa woga," alisema, "kesho tutatoa ya pili. Donc sisi wenyewe tutakuwa polisi yao. Fishi haitoki."

Ningeweza kuitoa nikiwa peke yangu. Meza ilikuwa yangu, mkasi ulikuwa mezani. Sikuitoa kwa sababu niliambiwa isitoke, na mimi nilikuwa mtu wa kutii sheria nzuri.

Siku ile ile, adhuhuri, afisa mmoja aliingia. Alikuwa mteja. Hilo watu husahau: maaskari nao walikodi filimu, na walirudisha. Alichagua ile ya vita, akafungua ganda, akasoma fishi amesimama. Aliongea Kiswahili cha mashariki, kizuri, kama cha redioni.

"Mama, mwandiko huu ni wako?"

"Ndiyo, mwandiko ni wangu."

Akanyamaza. Mnaelewa? Alinyamaza. Alinipa nafasi ya kuishia hapo. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza zaidi, nikaongeza:

"Lakini maneno si yangu."

"Jina hili la chini ndilo la mwenye maneno?"

"Ndilo."

"Na namba?"

"Ni ya nyumba yake."

Alinishukuru. Aliiweka diski na fishi mfukoni, hakuacha dhamana, akatoka. Sitasema alikuwa wa jeshi lipi kati ya yale mawili. Kwa aliyekuwa chini ya kitanda, viatu ni viatu.

Nimesifiwa maisha yangu yote kwa kutosema uongo. Padri alinisifu kanisani. Papa Saidi alinisifu mbele ya wateja. Ninyi wenyewe, kwenye karamu ya kuniaga, mmesema Mama Vero hadanganyi. Siku ile ukweli wangu haukumfaa mtu yeyote ila afisa mmoja. Uongo wa maneno mawili ungetosha, "Ni yangu," na ungekuwa nusu uongo tu, kwa sababu nami niliyaamini maneno yale. Labda wangenichukua mimi. Labda wangemcheka mwanamke wa mezani na kuondoka. Sijui, na yeyote anayeniambia anajua ninamwomba anyamaze.

Alhamisi Mama Georgine alivuka. Sikuwahi kumwona ng'ambo hii. Alisimama mlangoni, miguu ina tope la ufukweni.

"Wewe njo Mama Vero?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

Hakukaribia. Alisimulia amesimama. Walifika juzi mchana, watu wanne. Mume wake alikuwa anashona suruali ya mtu. Walimuuliza, wewe ni Anaclet? Akajibu, ndimi mimi, vipimo au marekebisho? Wakamwinua. Alitoka na futi ya kupimia shingoni, sindano bado iko kwenye kitambaa. Mama Georgine mwenyewe alikwenda kambini, wakamwambia hawamjui mtu huyo. Akaenda kambi ya wale wengine, nao wakamwambia hawamjui, wakacheka.

"Mimi nauliza kitu kimoja tu," alisema. "Nyumba yetu iko nyuma ya stesheni, hata wageni wa harusi wanapotea. Walijua namna gani?"

Nilimwambia yote: fishi, mwandiko, afisa, na sentensi yangu. Papa Saidi alikuwa nyuma yangu, na nilitegemea aseme kwamba sheria ilikuwa yake. Alishika tasbihi yake, akaangalia sakafu.

Mama Georgine aliniangalia kwa muda. Kisha akageuka, akarudi mtoni.

Tuliuliza pale ambapo mtu angeweza kuuliza. Nilikwenda kambini mara mbili na sitaandika nilivyojibiwa. Mwezi wa sita mabomu yakaanguka siku sita mfululizo, na moja likaingia dukani kwa paa. Diski zilizoyeyuka zilishikana kama chikwangue, mkate wa muhogo, iliyosahauliwa motoni. Zile karatasi ngumu ziliungua zote, majina yote, namba zote. Niliwalilia watu wa mji wetu kama kila mtu. Kwa zile fishi sikulia.

Tulifungua tena baada ya miezi, na rafu moja. Papa Saidi alisema, "Majina basi." Hilo tu. Kamwe hakulitaja jina la Anaclet mbele yangu, mpaka tulipomzika yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu wangu, alinifundisha kila ninachojua, na aliniachia peke yangu kubeba kitu tulichokibeba wawili. Bado ninamwombea, na bado nina hasira naye. Mtu anaweza kufanya vyote viwili asubuhi moja.

Basi miaka iliyofuata maoni yalikuwa bila majina, na nitawaambia yalivyokuwa. Yalikuwa takataka. Watu walisifu filimu ambayo hawakuiona. Walitukana waigizaji, kisha wakatukanana. Mtu mmoja aliandika "nzuri sana" kwenye diski tisa, na tatu kati ya hizo zilikuwa hazichezi kabisa. Hapo ndipo hasira yangu ilikosa pa kukaa: mzee alikuwa na haki. Neno bila jina lilikuwa kelele ya soko. Na neno lenye jina lilikuwa limeua mtu. Ninyi sasa mnajaza filimu kwenye simu na flashi, wateja wanatoa maoni kwa kubonyeza kidole gumba, na mnaniuliza kwa nini sipendi. Sipendi.

Miaka ilikwenda. Diski zilipungua mpaka zikabaki rafu moja ya nyuma, ambayo Clarisse, mwenzenu, anaiita makaburi.

Jumatano ya wiki yangu ya mwisho mwanamke mzee aliingia na mfuko wa plastiki. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua alivyosimama mlangoni bila kukaribia.

"Nimesikia unaacha kazi," alisema Mama Georgine. "Nimesema, kabla hajakwenda, nirudishe kintu ya watu."

Alitoa diski ya pili. Ilikuwa imekaa kwenye droo ya cherehani miaka yote, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha bluu.

Clarisse akasema, "Eh, Mama! Hii ni ya wakati wa Noa." Kisha akaona uso wangu, akaondoka kutafuta mashine ya zamani ya kuchezea diski.

"Hamkuiangalia?" niliuliza.

"Nani angewasha? Jenereta ilikosa mafuta mpaka siku ile walipomchukua. Watu walikuja jioni ile wakakuta kilio." Akavuta kiti, kwa mara ya kwanza akakaa. "Weka. Nataka kujua alivuka mto kwa sababu gani."

Niliifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Niliweka dawa ya meno mahali pawili. Nikaiinua kwenye jua la mlangoni. Haikuwa na tundu. Ikacheza.

Tuliangalia watatu, mchana, mlango wazi. Hatukujua nani ni nani, kwa sababu nusu ya kwanza haipo, ilitoka dukani mfukoni mwa yule afisa na haikurudi. Risasi nyingi. Soko linaungua. Mwishoni makamanda wale wawili wanakutana juu ya daraja, wanaangaliana, wanapeana mikono, na muziki unapanda. Halafu majina ya waigizaji. Mama Georgine aliyasubiri yaishe yote.

Sikuwa na fishi. Clarisse alikata ubavu wa boksi, nikashika kalamu.

"Andika," alisema. "Wale wawili wanapeana mikono. Mwenye nyumba hawakumuonyesha."

Niliandika kama alivyosema, bila kunyoosha. Mwandiko wangu sasa unatetemeka, lakini mtu wa macho mabovu atasoma. Na nilipofika mwisho wa mstari, mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukauliza wenyewe:

"Jina na namba?"

Nilitaka kuyarudisha maneno na hayakurudi. Mama Georgine aliniangalia kama siku ile ya tope.

"Weka yako," alisema.

Niliandika jina langu, mtaa wangu, na namba ya nyumba yangu. Aliichukua fishi akaitazama, ingawa hajui kusoma, akanirudishia. Nikaitia ndani ya ganda tupu pamoja na diski, nikaiweka rafuni nyuma, na Mama Georgine akashuka kwenda mtoni kabla pirogi hazijajaa.